Chumba Kitupu Chini ya Silikoni

Garissa,
12 Juni 1966

Kwa dada yangu Kanana,

Pokea salamu zangu, na za Mama umpelekee jikoni, maana najua ndiko aliko. Mguu wake unaendeleaje? Mvua ilinyesha? Huku mbingu imesahau kazi yake. Mimi sasa ni mzima. Nasema sasa kwa sababu mwezi wa tano malaria ilinilaza siku tisa, na mwalimu mwenzangu wa nyumba ya pili alikuwa safarini. Aliyeniokoa ni mama mmoja wa hapa, Fatumo, mke wa mzee Warfa, ambaye huniletea maziwa ya ngamia kila asubuhi. Alipoona chupa ya jana bado iko mlangoni alisukuma mlango, akanikuta natetemeka sakafuni. Akaniuguza. Alinilisha kwa kijiko huku akinisema kwa Kisomali, nadhani kwa kosa la kuwa mwanamume mzima asiye na mke. Mwambie Mama nimepata mama mwingine, asione wivu.

Utashangaa naandika Kiswahili. Barua yangu ya mwezi wa nne, ya Kimeru, ilirudishwa imefunguliwa na kikaratasi ndani: andika lugha inayosomeka. Kwa sababu ya hawa shifta, waasi wa huku, kila bahasha inapita chini ya macho ya mtu. Basi nawe jibu kwa Kiswahili, na umsalimie bwana anayetusoma, naye ana mama.

Sasa tuje kwenye mtihani wako. Unasema umekariri elementi arobaini kwa mpangilio wa alfabeti. Acha mara moja. Hiyo ni kazi ya kasuku, na sikusomesha kasuku.

Kulikuwa na ██████ mmoja, mwalimu kama mimi. Alizichukua elementi zote zilizojulikana, akazipanga kwa uzito, kuanzia ile nyepesi kuliko zote, haidrojeni. Akaona kwamba tabia zinarudi. Ni kama siku za soko: leo Nkubu, kesho kwingine, na baada ya siku kadhaa uko tena Nkubu na wauza ndizi wale wale. Lithiamu ni laini, unaikata kwa kisu, na ukiitia majini inachemka. Songa mbele kidogo unakuta sodiamu, laini vile vile, ila ina hasira zaidi. Songa tena, potasiamu: hiyo inawaka moto wa zambarau kabla hujarudisha mkono. Akazipanga hizo katika safu moja, moja chini ya nyingine, kila moja na chumba chake, kama watoto wa tumbo moja. Na gesi zisizochangamana na yeyote, zilipogunduliwa baadaye, zikapewa safu yao pembeni, zikae na kiburi chao.

Lakini akili yenyewe iko hapa. Baada ya zinki, elementi iliyofuata kwa uzito ilikuwa aseniki. Mjinga angeiweka kwenye chumba kinachofuata, chini ya alumini. Huyu aliona aseniki ina tabia za fosforasi, na fosforasi iko safu mbili mbele. Basi akaacha vyumba viwili vitupu, akasema humu kuna wenyewe, hamjawaona tu. Na yule wa chini ya silikoni akamweleza kwa kutazama majirani zake, wa juu na wa pembeni: uzito wake karibu sabini na mbili, rangi yake kijivu. Miaka kumi na mitano baadaye Mjerumani mmoja akaipata ndani ya jiwe la mgodi. Uzito sabini na mbili na nukta. Kijivu.

Nikifundisha hilo nywele hunisimama. Mtu hajatoka chumbani mwake, naye anakijua kitu ambacho hakuna jicho lililokiona. Nimekuchorea jedwali zima, limo humu ndani. Libandike ukutani.

Kaka yako,
Elkanah

*

Igoji, Meru,
3 Julai 1966

Kaka Elkanah,

Mama anakusalimu, na anasema huyo mama mwingine apewe shukrani kabla ya jina. Mguu wake ni ule ule. Asubuhi unakubali, jioni unakataa. Mvua tumepata ya kutosha, maharagwe yamebeba hadi yanalala. Shuleni wamenipa darasa la pili, watoto sitini na wawili, madawati kumi na manne. Nimefurahi umepona. Siku hizo tisa tulikuwa hatujui lolote, tukakaa hapa tunacheka na kula.

Niliiinua karatasi yako juani nikasoma chini ya wino: Mrusi. Kumbe Warusi wamekatazwa hata wakiwa wamekufa. Bwana msomaji, kama hili nalo unalifuta, pole kwa kazi.

Jedwali liko ukutani. Mama aliniuliza hizo nyumba ni za nani, nikamwonyesha potasiamu, nikamwambia ndiyo iliyomo kwenye majivu ya maganda ya ndizi, yale anayochuja kupata magadi ya kulainisha maharagwe. Akasema yeye alikuwa anaijua kabla ya huyo mtu kuzaliwa, ila hakuichorea nyumba.

Nina swali. Unamsifu sana mtu wako kwa vyumba vilivyopata wenyewe. Je, hakuna hata kimoja alichokiacha kitupu, akangoja, na mwenyewe asije kwa sababu hakuwepo? Nauliza kwa sababu nakujua. Wewe tangu utotoni unapenda kushinda kuliko kula.

Dada yako,
Kanana

*

Garissa,
4 Agosti 1966

Kanana,

Salamu kwako na kwa Mama. Hatujambo huku, ukiondoa vumbi, joto na risasi. Shule imefungwa tangu katikati ya mwezi wa saba. Usiku mmoja shifta walipiga nyumba ya walinzi, na asubuhi wanafunzi wakawa wamebaki saba. Swali lako: ndiyo, alikosea mara kadhaa, vyumba vingine havikupata mtu mpaka leo. Hilo halitoki kwenye mtihani, usilisumbukie.

Sisi walimu tumeazimwa na ofisi ya serikali. Wenyeji wa huku wamekusanywa ndani ya boma la miiba, lango moja, askari langoni, kuingia kwa kibali na kutoka kwa kibali, ili shifta wasipate wa kuwapa chakula. Kazi yangu ni kuwaandika. Mkubwa wangu ni Bwana Peterson, mtu safi, mchache wa maneno, viatu vinang'aa hata kwenye mchanga. Alinipa daftari la karani aliyenitangulia. Kanana, ungecheka. Yule bwana aliwaandika watu jinsi walivyopita langoni, kama wewe na alfabeti yako.

Nikachukua karatasi kubwa, nikalipanga upya. Kila nyumba nimeipa safu yake, kila miaka mitatu ya umri mstari wake. Mtoto anaingia chumba chake. Wanawake wa huku huzaa kwa nafasi ya miaka miwili au mitatu, kama kwetu, kwa hiyo safu inashuka vizuri, na palipo na pengo unaliona ukiwa mlangoni. Vyumba kumi na vinne vilikuwa vitupu. Nikaenda nyumba kwa nyumba: huyu aliolewa Wajir, huyu alikufa kwenye ukame wa sitini na moja, huyu yuko Mombasa na kibali anacho. Kumi na vitatu vimejibiwa. Bwana Peterson alisimama mbele ya ukuta dakika nzima, akasema miaka mitatu amekuwa akitafuta kitu hiki bila kujua jina lake. Anataka kunipeleka kozi Nairobi, na baada ya hapo ng'ambo, kwa masomo. Ng'ambo, Kanana.

Chumba kilichobaki ni cha Fatumo. Nuh ana miaka ishirini na minne, Rage ishirini na mmoja, halafu pengo, halafu Nafiso ana kumi na mitano. Nilimwuliza tukinywa chai, kwa upole, kama mtoto wa nyumbani. Akaweka birika chini. Akasema, "Mwalim, mtoto haiandikwi kama gunia. Sisi hatuhesabu. Kunywa chai." Nilipomwuliza tena alijifunika shali usoni, na mzee Warfa akatoka nje.

Mtu asiye na la kuficha hajifuniki. Ninajua aliyemo humo. Ana miaka kumi na minane. Ni mrefu, kwa sababu Nuh na Rage ni warefu. Ana mwanya kwenye meno ya juu, kwa sababu aliye juu yake anao na aliye chini yake anao, na baba yao pia. Nimeyaandika haya pembeni kwa penseli.

Tarehe ishirini Septemba nakabidhi jedwali. Nikiandika "hakuna" ndani ya chumba, Bwana Peterson ataniamini na mambo yataishia hapo. Nikikiacha kitupu pamoja na maelezo yangu, ataenda kuuliza kwa njia zake. Yule mama alinilisha kwa kijiko, sijasahau. Lakini kuandika uongo kwenye jedwali ni kama kuweka aseniki chini ya alumini ili mtu alale vizuri. Bado nafikiri.

Elkanah

*

Igoji, Meru,
24 Agosti 1966

Kaka,

Salamu. Mimi ni mzima. Mama ni mzima wa mwili. Nitakueleza hayo mengine sasa hivi, maana salamu ndefu leo siziwezi.

Barua yako nilimsomea Mama jikoni akiwa anachuja majivu. Nilipofika kwa Fatumo na pengo lake, maji yalifurika chujio yakaingia motoni, na yeye yuko hapo hapo anatazama. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akasema, "Mwulize kaka yako nani yuko kati yake na wewe."

Nilifikiri umri umeanza kumcheza. Wewe ulizaliwa thelathini na nane, mimi arobaini na nne. Sijawahi kuuliza kwa nini. Wewe uliyesoma, uliwahi kuuliza? Kulikuwa na mvulana. Aliishi wiki tatu. Hana kaburi tunalolijua wala hakubatizwa, na Mama hajamtaja kwa mtu kwa hiari yake tangu siku hiyo, kwa sababu kwetu pia watoto hawahesabiwi, waliopo wala waliokwenda.

Nimesema kwa hiari yake. Mwaka wa hamsini na nne, wakati wa Hali ya Hatari ya mkoloni, tulipotiwa kwenye kijiji chenye handaki, wewe ukiwa bweni unasoma, alikuja karani na daftari. Naye alikuwa kijana msafi. Akaliona pengo. Akasema kati ya mkubwa na huyu binti pana mtoto wa miaka kumi na mitatu, yuko msituni, anawapelekea waasi chakula. Mama akakataa kujibu mbele ya majirani. Walimkalisha ndani ya handaki siku mbili, miti iliyochongoka imemwelekea, mvua inamnyeshea. Mguu ule ulianzia humo. Mimi nilikuwa na miaka kumi, nikasimama juu ya handaki namtazama, na nilidhani ameiba maharagwe. Siku ya tatu akasema, kwa sauti, kila mtu akisikia, jinsi alivyokufa na alivyozikwa. Karani akaandika "hakuna". Neno hilo hilo lako.

Kaka, Fatumo hafichi mtu. Amefunika uso kwa sababu umemgusa mahali ambapo hata mumewe hagusi. Chumba kile hakina mtu. Andika "hakuna". Ni neno moja, na uliniambia mwenyewe Bwana Peterson ataliamini.

Mama amekuwekea kopo la magadi yake kwa maharagwe yenu ya huko yasiyoiva. Barua hii nimeiweka ndani ya kopo, juu kabisa, ili mkono wako usifike kwenye magadi kabla ya kufika kwenye maneno haya. Nimempa Wilkister, mke wa dereva wa msafara, ambaye anasema litakuwa kwako baada ya siku kumi.

Andika "hakuna". Nakuomba kama mdogo wako ambaye hajawahi kukuomba kitu.

Kanana

*

Garissa,
11 Septemba 1966

Kwa Kanana,

Salamu nyingi, kwa haraka, msafara unaondoka. Mimi ni mzima na hata nimenenepa. Maharagwe ya hapa, yale ya kuvunja meno, juzi yaliiva laini kama ya nyumbani. Barua yako sijapata tangu ile ya Julai. Nadhani njia imefungwa tena, usijali. Kazi nyingi. Zidi kusoma safu ya saba: florini, klorini, bromini, aidini, maana hupenda kutoka mtihanini. Mwambie Mama yaliyopita si ndwele.

Elkanah

*

Garissa,
9 Oktoba 1966

Kwa dada yangu Kanana,

Natumaini u mzima, na Mama, na shule, na watoto wako sitini na wawili. Huku upepo umegeuka na tunangoja mvua za vuli. Kopo lenu na barua yako ya Agosti vimenifikia pamoja juzi, tarehe saba Oktoba. Imeniuma sana. Laiti ningeipata mapema. Lakini maji yakimwagika hayazoleki, na ni vizuri uyasikie kutoka kwangu.

Nilikabidhi jedwali tarehe ishirini kama nilivyoagizwa. Chumba nilikiacha kitupu. Sikumshtaki mtu, naomba ulielewe hilo. Niliacha tu kitupu kilicho kitupu, na maelezo pembeni. Kesho yake mzee Warfa aliitwa. Walimsimamisha kwenye mchanga wa mto mchana kutwa bila kilemba, na siku ya pili hivyo hivyo, na siku ya tatu walimpiga nyayo. Kila walipomwuliza jina la mwanawe wa tatu alijibu kwamba wa tatu ni Nafiso. Alirudishwa amebebwa na Nuh na Rage. Ngamia wao wakachukuliwa hadi kijana apatikane. Fatumo akapewa siku saba za kumtoa.

Siku zile zote aliniletea maziwa. Sijui aliyatoa wapi bila ngamia. Aliweka chupa mlangoni akaenda zake, nami sikutoka.

Tarehe ishirini na tisa lori la askari lilirudi kutoka upande wa mpakani na maiti tatu. Huwa wanazilaza sokoni ili watu waone. Bwana Peterson alituma niitwe. Wa katikati alikuwa kijana wa miaka kama kumi na minane, mrefu, miguu imepita ukingo wa turubai. Bwana Peterson akamfungua mdomo kwa ncha ya fimbo yake. Mwanya, meno ya juu. Akanitazama, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akasema, "Mwalimu, elementi yako hii hapa."

Nitakwambia ukweli, kwa muda wa pumzi moja nilifurahi. Nilijiona kama yule mtu alivyojiona Mjerumani alipomwandikia barua.

Fatumo aliletwa. Akamtazama yule kijana kwa muda mrefu. Akasema, "Huyu mimi sikusaa. Lakini mama yake hayuko habo. Nibe nafasi nimfunike." Akavua shali yake, akamfunika uso na kifua, akapiga magoti kwenye vumbi la soko, akamlilia mtoto wa mtu mwingine kwa sauti ambayo bado naisikia. Bwana Peterson akatoa kalamu, akaandika: mama amemtambua mwanawe.

Kwa hiyo sasa ni nyumba ya shifta, kwa maandishi. Nuh na Rage wamepelekwa kizuizini, ng'ambo ya mto na mbali zaidi, sijui wapi. Ngamia hawatarudi. Mzee Warfa hasimami.

Baada ya siku tatu Fatumo alikuja. Hakuwa na chupa. Akaniambia kwamba kwa kuwa nilitaka sana kujua, atanijulisha: aliyekuwa hapo kati alikuwa msichana, na alinyonya siku tatu. Halafu akaenda zake. Huenda ni kweli. Lakini watu wa huku wote wakibanwa husema alikuwa msichana, na sisi hatuwezi kuendesha nchi kwa maneno ya namna hiyo. Na niambie wewe, kwa nini hakusema Agosti, tukiwa na birika kati yetu? Angesema, ningeandika "hakuna". Kama barua yako ingewahi, ningeandika.

Naenda kozi Nairobi mwezi wa kwanza. Barua ya ng'ambo imeshasainiwa.

Kaka yako akupendaye,
Elkanah

*

Igoji, Meru,
4 Desemba 1966

Elkanah,

Salamu. Mvua imenyesha. Watoto wa darasa la pili wamefunga shule. Mama yupo.

Mtihani nilifanya wiki iliyopita. Swali la nne liliuliza jinsi mtu anavyoweza kuijua elementi ambayo haijapatikana. Niliandika kurasa mbili bila kuinua kalamu, nawe ndiye uliyenifundisha, kwa hiyo mwanzo nitakushukuru.

Sasa nikuonyeshe nilivyojifunza. Barua zako zote nimezipanga juu ya kitanda kwa tarehe. Kati ya Agosti na Oktoba pana chumba kitupu: siku uliyopokea kopo langu. Wewe unasema ni tarehe saba Oktoba. Nimetazama majirani. Tarehe kumi na moja Septemba uliniandikia kwamba barua yangu hujaipata, na kwamba maharagwe yale ya kuvunja meno yameiva laini kama ya nyumbani. Mwenyewe umesema kopo na barua vilikufikia pamoja. Maharagwe yale yalilainishwa na nini, kaka? Magadi hayo hayauzwi Garissa, na barua ilikuwa juu ya magadi, niliiweka mwenyewe. Na katika barua hiyo hiyo unamwambia Mama yaliyopita si ndwele. Yapi? Mama hakuwa na yaliyopita mpaka nilipokuandikia mimi habari za handaki.

Ulikuwa umeisoma. Ulikuwa na siku tisa mkononi na neno moja la kuandika. Ulijua chumba hakina mtu. Ulikula maharagwe, ukakiacha kitupu.

Nilidhani utakuwa umekosea, na kosa ningelibeba nawe, maana hata Mrusi wako alikosea. Kumbe hukukosea kitu. Nilikuwa nikikuogopa kidogo tangu utotoni kwa akili zako. Sasa nakuchukia, na nimeshangaa jinsi chuki isivyo na kelele.

Yule karani wa handakini alipoambiwa ukweli, aliandika "hakuna". Mama ameniomba nikukumbushe hilo. Ni neno lake la mwisho kwako, na alilisema akiwa amenipa mgongo.

Barua yako nilimsomea yote. Nilipofika pale Fatumo anapomfunika yule kijana, Mama aliniomba nikomee hapo, akaenda nje, akarudi. Kwa siku mbili hakupika. Siku ya tatu alikuja karani wa kanisa, anaandika upya nyumba za waumini. Unamjua, ulimfundisha hesabu. Aliuliza jina la mwenye nyumba, mwaka wa ubatizo, halafu akauliza watoto, naye akacheka kidogo, kwa sababu kila mtu hapa anajua Mama hahesabu watoto, na alikuwa tayari kuandika yeye mwenyewe wawili.

Mama akasema, "Mmoja."

Karani akanitazama mimi, kisha akamwuliza kwa adabu kama hajakosea.

"Wavulana wawili walikufa," Mama akasema. "Huyu msichana ndiye aliyebaki. Andika."

Akaandika.

Kanana